Taa Niliyomtumia Mjomba

12 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya, na kwamba sikio la kushoto halijaanza kumfuata mwenzake wa kulia. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikwambia nimefaulu, wewe ukasikia nimefukuzwa, ukampelekea mkaza mjomba habari hiyo akalia kutwa nzima. Bora tuandikiane. Msalimie sana. Bibi mwambie miwani yake nimeipata, nitaituma akiniahidi kwamba hataikalia kama ile ya kwanza.

Mimi mzima. Chumba cha bweni bado kinavuja. Ukuta wa upande wa kitanda changu uliota ukungu mweusi wenye manyoya, mwenzangu akaupaka chokaa juu kwa juu, kwa hiyo sasa tunalala na ukungu mweupe.

Habari kubwa ni kwamba nimeacha fenicha. Usishtuke, chuo sijaacha. Bado nasoma ubunifu, ila mwaka huu kila mtu alitakiwa kuchagua njia yake, nami nimechagua taa. Najua utasema, "Taa ni kuwasha na kuzima, miaka yote hiyo mnasoma nini?" Hata mimi nilidhani hivyo. Kisha mwalimu wetu wa taa akampa kila mwanafunzi yai moja na balbu moja, akasema, "Nifanyeni nilihurumie hilo yai." Tukacheka. Nilihangaika nalo siku tatu. Taa ikiwa juu, yai ni yai tu. Ikiwa mbele, ni kipara cha mtu. Siku ya tatu niliishusha chini kabisa, pembeni, nikaikinga nusu kwa kipande cha boksi, na lile yai likaonekana dogo, la peke yake, kama limesahauliwa na mtu ambaye hatarudi. Mwalimu alilitazama muda mrefu, akaenda kwa mwingine. Tangu siku hiyo sipiti chini ya balbu bila kuinua kichwa.

Nimepata na mahali pa mafunzo ya kazini, kwa mtaalamu wa taa za maduka. Wafanyakazi wake wanamwita Jua Dogo, kwa sababu ya kipara chake na kwa sababu hapendi mtu mwingine ang'ae. Ana tabia ya kuchokonoa meno kwa kijiti kisha anakirudisha mfukoni, na kesho yake ni kijiti kile kile. Lakini kazi anaijua. Ya kwanza aliyonipa ilikuwa kaunta ya nyama katika duka kubwa. Akaniambia, "Nataka mteja ameze mate kabla hajauliza bei." Nikapanga karatasi za plastiki za rangi mbele ya balbu: ya waridi, ya wekundu kidogo, na moja inayomeza kila kitu cha kijani. Mjomba, ungeiona ile nyama! Ilikuwa kama imechinjwa mbele yako. Jua Dogo alinipigia makofi mbele ya watu.

Nikasema, nani duniani anastahili taa hii kama si mjomba wangu mwenye bucha? Nimekutengenezea moja kwa mikono yangu. Iko kwenye kifurushi, imefungwa kwa sweta langu kuukuu. Itundike juu ya kulabu, shubiri nne kutoka kwenye nyama, isiwe karibu zaidi.

Mpwa wako.


4 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Sisi hatujambo. Bibi yako ameahidi kutoikalia miwani, ila ahadi za bibi unazijua. Mkaza mjomba wako ameanza kufuma soksi, kila siku anafumua alichofuma jana, sijui nani kamroga.

Taa imefika, haijapasuka. Nilipanda kwenye stuli nikaifunga mwenyewe, nikapima shubiri nne kama ulivyosema, kisha nikatoka nje nikavuka barabara niione kwa mbali. Sikuijua bucha yangu. Miaka ishirini na mbili nimekata nyama pale, siku hiyo niliona kama ya tajiri fulani. Mshonaji, yule jirani yetu mwenye binti mdogo, alipita na nguo zake mkononi akasema, "Jirani, leo nyama yako imevaa shela." Nimeirudia kwa kila mteja.

Nimewaambia wote kwamba ni kazi ya mpwa wangu. Marehemu mama yako angekuwepo angeihama nyumba akalala buchani. Nakushukuru sana. Hata jokofu langu, linalokoroma siku hizi kama mzee aliyeshiba, nimeliambia ukizeeka usijali, tumepata msaidizi.

Soma kwa bidii. Huyo wa kijiti mvumilie, mradi anakufundisha.

Mjomba wako.


2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Soksi za mkaza mjomba zimefika. Moja ni ndefu kuliko nyingine, nazivaa hivyo hivyo. Bibi vipi? Mimi sijambo kwa mwili.

Sasa tafadhali nisome taratibu. Jumanne Jua Dogo alinituma kwenye lile duka kubwa nibadilishe balbu iliyoungua. Ilikuwa saa nne asubuhi, wateja wachache. Muuzaji wa kaunta, mama mmoja mcheshi anayeniita "fundi wangu", alikuwa anapanga vipande. Ili ubadilishe balbu moja lazima uzime safu yote. Nikazima.

Kaunta iko karibu na dirisha. Jua likaingia moja kwa moja juu ya nyama, na ile haikuwa nyama niliyoijua. Ilikuwa ya kijivu, kijivu cha tambara la kufutia sakafu, na pembezoni ina kijani kinachometa kama mgongo wa nzi. Nilidhani ni macho yangu. Nikagusa kipande kwa kidole. Kidole kilipotoka kilitoka na uzi mrefu wa ute, kama kamasi. Na harufu ambayo feni ilikuwa inaipeleka upande mwingine ikaniingia puani, tamu tamu, Mjomba, utamu wa kitu kinachooza.

Yule mama hakushangaa. Aliniinamia akaninong'oneza, "Washa, mwanangu. Washa haraka, kuna mtu anakuja."

Nikawasha. Hilo ndilo linalonitapisha kuliko yote. Nilikuwa na mkono kwenye swichi, nikawasha. Nyama ikawa nyekundu, ikanawiri. Mzee mwenye kikapu akaja, akainama, akatabasamu, akasema, "Leo mmeshusha mpya!" Akanyoosha kidole kwenye kile kile kipande nilichokigusa. Yule mama akakipima na kukifunga, nami nikamtazama mzee akienda zake.

Nilikimbilia nyuma nitapike. Kwenye sinki kulikuwa na beseni tatu za nyama iliyolowekwa kwenye siki na chumvi, maji yake ya kahawia yana povu. Nikatapika kwenye ndoo ya deki.

Nilimwambia Jua Dogo. Alikuwa anachokonoa meno. Akacheka mpaka kijiti kikamdondoka, akakiokota. "Binti," akasema, "sisi tunauza mwanga. Nyama ni ya mwenye nyama. Ulidhani ile karatasi inayomeza kijani ni ya nini?"

Mjomba, mimi ndiye niliyeichagua ile karatasi. Nilidhani inapendezesha tu.

Najua wewe si kama wao. Lakini naomba uishushe taa yangu. Na unijibu: lile jokofu umelitengeneza? Nyama inakaa siku ngapi pale juu?

Mpwa wako.


29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Usione nimechelewa, kazi zilinibana, na kalamu nayo ilikauka wino. Bibi yako hajambo, jino lake la mwisho limetoka Alhamisi, amelifunga kwenye leso hataki mtu aliguse. Mkaza mjomba wako anakusalimu, anauliza kama soksi zimekaa. Paa la jikoni tumelitengeneza. Mvua mwaka huu si haba. Paka amezaa wanne, mmoja ana jicho moja.

Nimesikitika kusikia uliugua tumbo huko. Kunywa maji yaliyochemshwa.

Kuhusu wale watu wa duka kubwa, dunia ina mengi. Mimi nimekata nyama tangu hujazaliwa, na kisu hiki hiki ndicho kilichokusomesha, kwa hiyo sidhani kama nahitaji kufundishwa nyama ni nini. Taa ipo, inakusalimu. Watu wameizoea. Nikiishusha wataniuliza kulikoni, nami nitawajibu nini?

Jokofu, fundi amekuja kuliangalia.

Habari nyingine hakuna. Binti wa mshonaji si mzima sana, amelazwa, tumbo la kuendesha. Watoto wengi msimu huu, wanasema ni maji.

Mjomba wako.


6 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Wasalimie nyumbani wote.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umenieleza habari za jino, za paa na za jicho la paka. Nilichokuuliza hukunieleza. Fundi kuja kuangalia jokofu na jokofu kupona ni mambo mawili.

Nauliza moja tu, jibu hata kwa kipande cha karatasi: mshonaji hununua nyama kwa nani?

Mpwa wako.


10 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wiki ya tano sasa hujaandika. Nimempigia mkaza mjomba, kasema mko salama, kisha kasema anaitwa jikoni. Nimesikia sauti ya redio tu, hakuna aliyemwita.

Nakuandikia yaliyonipata, ujue kutoka kwangu.

Kwa Jua Dogo nimeondoka. Amekataa kunisainia fomu ya mafunzo, ameandika kwamba sina adabu kwa wateja. Bila saini hiyo mwaka huu unarudiwa. Lakini nilikuwa bado na haki ya kuonyesha kazi yangu mbele ya walimu, na Jumatatu iliyopita ilikuwa zamu yangu. Mtaalamu aliyekufundisha hualikwa pia, kwa hiyo na yeye alikuja, suti ya bluu, kakaa mstari wa mbele.

Asubuhi hiyo nilipita lile duka kubwa nikanunua kipande kutoka kwenye kaunta yangu mwenyewe. Nikakiweka mezani kwenye sahani nyeupe, nikafunga mapazia, nikawasha taa. Ukumbi mzima ukafanya "Aaa!" Mwalimu mmoja akasema kwa sauti, "Hii inatamanisha kabisa." Jua Dogo akageuka huku na huku kupokea sifa.

Nikawaambia, "Karibuni, sogeeni." Wakasogea. Walipoizunguka meza, nikazima taa na kufungua mapazia.

Mwalimu wa michoro akajiziba pua kwa kitambaa cha kichwani, na yule aliyesema inatamanisha akarudi nyuma akamkanyaga mwenzake. Kipande kilikuwa kimelala kwenye maji yake ya kijani. Nikasema, "Hiki nimekinunua saa mbili zilizopita. Taa hii nimeibuni mimi. Aliyenifundisha ni yule pale." Kiti cha mstari wa mbele kilikuwa tayari kitupu. Alipitia mlango wa pembeni, hata mkoba wake aliusahau, wakamtumia siku ya pili.

Mwalimu wa taa akaniuliza swali moja tu: "Ziko ngapi taa kama hizi ulizotengeneza?"

Nikasema, "Mbili, ukiacha hii. Moja iko dukani. Ya pili nilimtumia mjomba wangu, ana bucha."

"Bado anaitumia?"

Mjomba, nilisema, "Hapana." Nilisema, "Alipojua tu, aliishusha siku ile ile." Niliona ukumbi mzima unakuheshimu. Yule mwenye kitambaa alitikisa kichwa kwa furaha, akasema kumbe bado kuna watu.

Mwaka nitarudia, wameshaamua, maana fomu ni fomu. Mwalimu wa taa amesema atanitafutia mahali pengine. Meza niliisafisha mwenyewe, mara nne, na mikono yangu mpaka leo nainusa kabla ya kula.

Silii kwa ajili ya mwaka. Nakereka kwa lile neno "hapana". Kila nikilikumbuka nasikia ule ute kwenye kidole. Sitakuuliza tena kitu, Mjomba. Nimekwambia tu kwamba nilidanganya watu wazima kwa ajili yako.

Mpwa wako.


2 Juni

Mwanangu,

Sisi tu wazima. Bibi mzima, mkaza mjomba wako mzima. Nimeianza barua hii mara sita, nyingine zote zimewashia jiko. Hii nitaimaliza.

Jokofu lilikufa katikati ya Februari. Nilikuwa na ng'ombe mzima ndani, nimemleta siku mbili kabla. Fundi alisema kifaa kitachelewa. Siku ya kwanza niliuza vizuri. Siku ya pili asubuhi nilifungua mlango, harufu ikanipiga, nikajua. Hakuna mtu aliyekata nyama miaka ishirini na mbili asiyejua. Nilishika kisu kuikata niitupe. Kisha nikawasha taa yako ili nione vizuri ninachokata, na nilipoinua macho nyama ilikuwa inanichekea.

Nikaiacha pale.

Nilijiambia ni leo tu. Kesho yake nikaiosha kwa chumvi, nikakwangua ute kwa mgongo wa kisu, nao ukawa unanijaa kwenye kucha, nikajiambia tena ni leo tu. Jokofu lilipona mwanzo wa Aprili. Mimi sikupona. Nilikuwa nimeshajifunza kwamba nyama ya siku moja inaweza kuwa ya siku nne na hakuna atakayenipigia kelele, kwa hiyo hata na jokofu zima niliendelea. Barua yako ya Machi ilinikuta katikati ya hayo, jokofu bado bovu. Nilikuandikia habari za paka.

Swali lako la Aprili nalijibu sasa. Mshonaji hununua kwangu. Hajawahi kununua kwa mtu mwingine. Binti yake ana miaka sita, huniita Mjomba Nyama. Alilazwa siku tisa. Nilikwenda kumtazama, nimevaa shati safi, na machungwa mkononi. Alikuwa amekauka, midomo ya kijivu. Rangi ile niliijua, mwanangu. Nilikuwa nimeipangusa mezani kwangu asubuhi hiyo hiyo. Nikakaa dakika mbili, nikasema wanasema ni maji, nikatoka. Kesho yake nikafungua bucha na nikawasha.

Amepona, anacheza. Hilo nalisema upesi usije ukaogopa.

Barua yako ya Mei ilipofika niliisomea buchani. Nilipofika pale uliposema "hapana" nilipanda kwenye stuli nikaishusha taa, mchana kweupe, wateja watatu wamesimama. Nikafungua na mlango wa nyuma mwanga uingie. Waliangalia kulabu, wakaniangalia mimi, mmoja akatema mate chini, karibu na kiatu changu, wakaondoka. Niliibeba ile nyama yote kwenye toroli nikaizika nyuma ya nyumba. Ilikuwa na funza upande wa mfupa, ule upande unaotazama ukuta. Nilikuwa nimeutazamisha ukuta mimi.

Kisha nikaanza kwenda nyumba kwa nyumba. Sikutaka wasikie kwa mwingine. Mkaza mjomba wako alinisindikiza, akawa anabaki getini. Mzee wa duka la viatu alinifungia mlango kabla sijamaliza. Mama mmoja alinishukuru kwa kusema ukweli, nikatamani anitukane. Bucha nimeifunga, sijui kama nitaifungua. Watu wa afya wamekuja, nimewaeleza yote kama nilivyokueleza wewe, nangoja watakaloamua.

Kwa mshonaji nilikwenda mwisho, nakiri, kwa woga. Alikuwa mashineni, binti anacheza na vifungo sakafuni. Nilisimama mlangoni nikamweleza, toka ng'ombe yule mpaka machungwa. Hakusimamisha mashine mpaka nilipotaja machungwa. Nilijiandaa kwa matusi, nilijiandaa hata kwa mkasi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, mpaka nikamgeuzia sikio zima:

"Na nyumbani kwako, jirani, miezi hiyo yote mlikuwa mnakula nini?"

Mwanangu, hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Tangu siku ile jokofu lilipokufa sikupeleka nyumbani hata kipande. Sikumwambia mkaza mjomba wako sababu, wala yeye hakuniuliza. Alikuwa getini, anatusikia. Nilitazama chini, nikaona vifungo. Mshonaji alisubiri.

Nikamjibu, "Maharage."

Mjomba wako.